Ndege Ipimayo Mawe Yasiyoonekana

  Wewe uliyesikiliza somo hili redioni, sasa unalo mkononi limepigwa chapa. Lisome polepole. Mahali penye maneno magumu rudi nyuma usome tena, hakuna anayekukimbiza.

Leo nitakueleza habari za ndege. Sisemi ndege ya abiria. Nasema ndege ndogo ipitayo chini chini juu ya mashamba, ikaenda moja kwa moja mpaka ikapotea, kisha ikarudi kando kidogo ya njia yake ya kwanza, ikaenda tena na kurudi tena, siku nzima. Nyuma yake ina kitu kirefu kama mkia wa nge. Haitui, haitupi kitu, haichukui mtu. Watu walioko shambani husimama na kuinua macho. Mmoja husema, "Hao wanaona dhahabu iliyo chini." Wa pili husema, "Wanatupiga miale ya hatari." Wa tatu husema, "Wakimaliza tu, tutahamishwa." Je, nani kati yao amesema kweli? Soma mpaka mwisho, nawe utaweza kumjibu kila mmoja.

Kwanza tufanye jaribio dogo. Mwalimu wako atafute sumaku. Ile ya nyuma ya spika ya redio mbovu inafaa sana. Aifiche chini ya mkeka wakati ninyi mmefumba macho. Kisha mmoja wenu afunge sindano ya kushonea kwenye uzi, aishike ikining'inia, aipitishe polepole juu ya mkeka, karibu bila kuugusa. Aende mstari mmoja, arudi mstari wa pili, kama mtu anayelima matuta. Ikifika mahali fulani, sindano itavutwa na kuinama. Hapo ndipo ilipo sumaku. Macho yako hayakuiona, lakini sindano imekuambia. Nawe umekwisha fahamu nusu ya somo la leo.

Sasa tuanze historia yenyewe. Watu wa zamani walijua kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini, na mabaharia waliitumia kuvuka bahari, lakini sababu hawakuijua. Mwaka 1600 daktari mmoja wa Uingereza, William Gilbert, alitoa kitabu akaeleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa, nayo ndiyo inayoivuta sindano. Katika karne ya 17 wachimba chuma wa Sweden walitumia dira maalumu, yenye sindano iwezayo kuinama kuelekea chini. Walitembea nayo msituni kwa miguu. Mahali sindano ilipoinama kwa nguvu, walichimba, maana aina moja ya mawe ya chuma, iitwayo magnetaiti, ina nguvu ya sumaku ndani yake. Mwaka 1879 mtaalamu wa Sweden, Robert Thalén, alitoa kitabu kilichoeleza namna ya kupima mawe ya chuma kwa njia hiyo.

Lakini usidhani kwamba kila sindano ilipoinama watu walitajirika siku ile ile. Nitakupa kisa cha Kursk, nchi ya Urusi. Katika karne ya 18 mtaalamu wa nyota aliyeitwa Pyotr Inokhodtsev aligundua kwamba huko Kursk dira hupotea njia. Haielekei kaskazini kama ipasavyo. Akaandika habari hizo, na watu wakazisahau kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa karne ya 19 akaja Ernest Leyst, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Moscow, akapima tena. Akasema kuwa chini ya ardhi ile lazima kuna chuma kingi sana. Wakuu wa jimbo walifurahi, wakatoa fedha za kuchoronga, yaani kutoboa shimo jembamba na refu kwenda chini ili kuona mawe yaliyopo. Wakachoronga, wasikifikie chuma. Fedha ikakatwa, na Leyst akaachwa peke yake. Hakuacha kazi. Kila likizo ya kiangazi alirudi Kursk kwa fedha yake mwenyewe, akapima maelfu ya mahali. Alikufa mwaka 1918 bila kukiona chuma chake.

Baada yake kazi iliendelea, safari hii kwa nguvu ya serikali mpya ya Kisovieti. Mwaka 1923, karibu na mji wa Shchigry, mtambo wa kuchoronga ulifika kina cha mita 167, ukatoa mawe yenye chuma. Siku hizi Kursk inajulikana kuwa mojawapo ya akiba kubwa kabisa za chuma duniani. Tangu dira ilipouliza swali mpaka jibu likapatikana, zilipita zaidi ya karne moja. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia: kipimo cha sumaku huuliza swali, mtambo wa kuchoronga ndio unaojibu.

Kazi ya Leyst ilikuwa ya miguu, na nchi ni kubwa kuliko miguu ya mtu. Basi watu wakaanza kufikiri: chombo cha kupima hakiwezi kupandishwa ndani ya ndege? Shida ilikuwa mbili. Ndege hutikisika, na sindano haitulii. Tena ndege yenyewe ina vyuma, navyo huivuta sindano. Mwaka 1936 Mrusi Aleksandr Logachev alifaulu kupima sumaku ya dunia akiwa ndani ya ndege. Chombo chake kiliweza kuonyesha alama kubwa tu, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Hatua iliyofuata ilisukumwa na vita. Huko Pittsburgh, Marekani, katika maabara ya kampuni ya mafuta, Victor Vacquier alitengeneza chombo kipya kisichokuwa na sindano ya kuyumba. Kilitumia umeme kupima nguvu ya sumaku, nacho kiliweza kuhisi mabadiliko madogo sana. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na nyambizi, yaani meli za vita zipitazo chini ya maji, zilikuwa zikizamisha meli baharini. Nyambizi ni chuma kitupu. Basi chombo kile kikafungwa katika ndege za kijeshi ili kizitafute. Chombo cha namna hiyo huitwa magnetometa, maana yake kipimasumaku.

Hata kabla vita havijaisha, mwaka 1944, Wamarekani walikijaribu chombo hicho juu ya nchi kavu, wakitafuta miamba badala ya nyambizi. Vita vilipokwisha, kazi hiyo ikaenea. Mwaka 1949, karibu na mji mdogo wa Marmora nchini Kanada, ndege ilionyesha alama kubwa ya sumaku mahali ambapo mtu akitembea haoni ila mawe ya chokaa. Wakachoronga. Chini ya tabaka la chokaa lenye unene wa zaidi ya mita 30 kulikuwa na chuma. Ilibidi chokaa yote ile iondolewe kwanza. Mgodi ulianza kutoa chuma mwaka 1955, ukafungwa mwaka 1978. Hapo watu wote wakaamini kwamba ndege yaweza kuonyesha jambo lililofunikwa.

Sasa nikueleze jinsi kazi inavyofanywa. Rubani hupewa mistari ya kufuata, kama mistari ya daftari lako. Huruka chini, labda mita 100 au 120 juu ya ardhi, yaani kama minazi mitano iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Ule mkia mrefu nyuma ya ndege ndimo kilimo kipimasumaku, kimewekwa mbali na vyuma vya ndege. Zamani kilivutwa nyuma kwa waya mrefu. Kila dakika chombo huandika namba nyingi, na pamoja na kila namba huandikwa mahali ndege ilipokuwa.

Namba hizo huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho nanotesla. Nguvu ya sumaku ya dunia katika nchi yetu ni nanotesla elfu thelathini na kitu. Miamba yenye magnetaiti nyingi huongeza au kupunguza namba hiyo kwa mamia, au hata maelfu. Mingine huibadilisha kidogo tu. Lakini jua nalo huivuruga sumaku ya dunia kila siku. Kwa hiyo chombo cha pili huwekwa chini, mahali pamoja, bila kusogezwa. Chombo hiki hukaa kama shahidi. Namba ikibadilika angani na pia kwa yule shahidi wa chini, wataalamu hujua kuwa ni jua. Ikibadilika angani peke yake, hujua kuwa ni miamba.

Mwishoni namba zote hupakwa rangi na kuwa ramani. Penye nguvu nyingi huwa pekundu, penye nguvu kidogo huwa buluu. Mtaalamu akiitazama huona mambo ambayo hata mwenye shamba hajapata kuyaona: hapa aina moja ya mwamba imekwisha na nyingine imeanza, hapa nchi ilipasuka zamani za kale, hapa mwamba mwembamba umekatiza kama ukuta uliozikwa. Si mambo ya madini tu. Ukuta wa namna hiyo huweza kuzuia maji yapitayo chini ya ardhi, na penye ufa maji huweza kukusanyika. Kwa hiyo ramani ya miamba humsaidia hata mtafuta kisima.

Ndege nyingi hubeba pia chombo cha pili. Chombo hiki hupokea mionzi. Miamba na udongo wote, hata wa nyumba yako, una mionzi kidogo ya asili, itokayo katika potasi, urani na thori. Mawe ya itale, kama yale makubwa yaliyosimama ziwani Mwanza, kwa kawaida hutoa zaidi kuliko mawe meusi ya volkano. Hivyo chombo hutofautisha mwamba na mwamba. Lakini angalia: mionzi ifikayo kwenye ndege hutoka katika dhiraa moja tu ya juu ya ardhi. Iliyo chini zaidi huzuiwa na udongo. Kipimasumaku ndicho kinachohisi mbali chini, hata kilometa nyingi.

Tena angalia jambo hili kwa ajili ya jirani yako mwenye hofu: vyombo hivi viwili havitumi chochote kuja chini. Hupokea tu, kama sikio lipokeavyo sauti. Mtu akisikiliza ngoma ya jirani, hamdhuru mpiga ngoma.

Je, Tanzania tulipimwa? Ndiyo. Kati ya mwaka 1976 na 1980 ndege za kampuni ya Geosurvey zilipita juu ya karibu nchi nzima, zikapima sumaku na mionzi. Mistari yake iliachana kilometa moja hivi. Kazi hiyo ilitoa ramani ambazo wataalamu wamezitumia kwa miaka mingi. Ilionyesha pia mahali pengi penye mionzi kuzidi kawaida. Kampuni moja ya Ujerumani ilizifuata baadhi ya alama hizo kwa miguu, hata kusini katika pande za Mto Mkuju, wilaya ambayo sasa ni Namtumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya urani duniani ikashuka, wakafunga mizigo wakaondoka. Baada ya mwaka 2000 bei ikapanda, na makampuni mengine yakarudi. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka wa Pori la Selous ubadilishwe kwa ajili ya mradi huo. Unaona jinsi mambo yalivyo? Ndege ilipita katika miaka ya 1970. Mjadala wa mpaka ukafika miaka zaidi ya 30 baadaye. Alama katika ramani haina haraka. Inangoja bei, inangoja fedha, inangoja uamuzi wa watu.

Upo upungufu mwingine. Wavuvi wanajua kuwa wavu wenye matundu makubwa haushiki dagaa. Mistari ya kilometa moja ni wavu wa matundu makubwa. Kitu chenye upana wa mita 300 huweza kupita katikati bila kuonekana. Ndiyo maana siku hizi mistari huachanishwa mita 200 au 250 tu. Lakini kazi hiyo ni ghali. Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilieleza kwamba asilimia 16 tu ya nchi ndiyo iliyokuwa imepimwa kwa ndege kwa namna hiyo ya kina, ikaweka lengo la kufika asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Basi ndege hizo zaweza kupita kwenu. Hata jirani zetu wa Uganda walipata shida yao. Katika kazi kubwa ya kupima nchi yao, iliyoanza mwaka 2006, eneo la Karamoja liliachwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama, na ramani ikabaki na tundu. Ilibidi Karamoja ipimwe baadaye.

Sasa tumjibu yule mtu wa kwanza, aliyesema ndege inaona dhahabu. Haioni. Dhahabu haina nguvu ya sumaku kama magnetaiti, wala haitoi mionzi. Ndege ikipita juu ya dhahabu haitajua. Je, mbona watafuta dhahabu hutumia ndege? Kwa sababu dhahabu ina majirani. Huko Geita, kwa mfano, dhahabu nyingi imepatikana pamoja na miamba ya mistari mistari yenye chuma, na miamba hiyo ina sumaku. Ndege humwona jirani. Lakini kumwona jirani si kumwona mwenye nyumba. Miamba ya chuma isiyo na dhahabu ni mingi. Lazima mtu aende kwa miguu, avunje jiwe, apime udongo, na mwisho achoronge. Mara nyingi hupata jibu lile walilolipata wakuu wa Kursk mara ya kwanza: hakuna.

Ndugu msomaji, hapa ndipo somo letu linapogusa mfuko wako. Siku moja baada ya ndege kupita, mtu aweza kuja kijijini amevaa vizuri, ana karatasi yenye rangi nyekundu na buluu. Atakuambia, "Ndege imeona madini shambani mwako. Nipe fedha kidogo nikuingize katika biashara." Au atakuambia, "Shamba hili litachukuliwa bure. Niuzie mimi sasa kwa bei ndogo, walau upate kitu." Wewe umesoma somo hili. Mwulize: Ramani hii ni ya sumaku au ya mionzi? Mistari iliachana kiasi gani? Nani amechoronga, na jibu ni lipi? Leseni yako iko wapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo, karatasi yake ni picha tu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba ni mbachao. Ndege ni msala upitao.

Tena ujue sheria. Katika Tanzania madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya mhogo wako. Lakini shamba, nyumba na mazao vina mwenyewe. Mtu hawezi kuja kutafuta au kuchimba madini bila leseni, na leseni hutolewa na Tume ya Madini. Anayeondolewa katika ardhi yake kwa ajili ya mgodi ana haki ya fidia. Ramani zenyewe za miamba hutunzwa Dodoma, katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Ni ofisi ya umma, nawe ukiwa na swali, huko ndiko kwa kuuliza, si kwa mtu wa njiani.

Yule wa tatu aliyeogopa kuhamishwa, usimcheke. Mwambie kwamba kupita kwa ndege si amri ya kuhama. Ni swali lililoulizwa juu ya ardhi, na mara nyingi jibu huwa hakuna. Lakini mwambie pia kwamba likija jibu la ndiyo, kutakuwa na mikutano na karatasi za kutia sahihi. Siku hiyo mtu ajuaye kusoma atasoma kabla ya kutia sahihi, naye asiyejua atatia dole gumba. Hii ndiyo faida ya daftari ulilo nalo mbele yako. Wataalamu wa ndege wamejifunza kusoma miamba wasiyoiona. Wewe unajifunza kusoma maneno yatakayosemwa juu ya miamba hiyo. Kazi zote mbili ni kusoma.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kipimasumaku huwekwa mkiani, mbali na vyuma vya ndege?
2. Yule "shahidi" wa chini ana kazi gani?
3. Watu wa Kursk walichoronga mara ya kwanza wasipate kitu. Je, Leyst alikosea? Toa sababu zako.
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi ndege isiyoona dhahabu inavyoweza kumsaidia mtafuta dhahabu.
5. Andika maswali matatu utakayomwuliza mtu ajaye na ramani ya rangi kutaka kununua shamba lako. Msomee jirani yako, naye akusomee yake.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena katika somo lijalo.